Mtu wa Breki Chini

Bari, Jumatano, 19 Mei 1993

Kaka yangu Ruggiero,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ndivyo alivyotulea marehemu Baba, na kanuni hiyo sijaiacha hata magazetini. Hujambo wewe? Wifi yangu Godelieve hajambo na lile goti lake? Watoto wamemaliza mitihani? Na mvua ya Charleroi imepungua, au bado mnaishi kama vyura? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula, anapiga kelele, anakusalimu sana. Mimi pia ni mzima wa mwili, ila hasira zimenikaa kooni tangu nishuke kwenye treni, na nisipozimwaga kwenye karatasi zitanitokea puani.

Utauliza kwa nini safari hii sikupiga simu. Kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, mimi nafoka, wewe unakata, na jambo lenyewe linabaki halijasemwa. Karatasi haikatizi mtu. Basi kaa chini, jimiminie kitu, usome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo.

Tukumbushane kwanza nilivyotumwa. Baada ya Pasaka ulinipigia Milano kwa sauti ya mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ukaniambia Mama anaharibikiwa kichwa. Kila Jumapili akiongea nawe anakuambia gari limehama. Tena halisemi kama gari, analisema kama mtu, analiita Mdogo. Jana nilimwacha Mdogo mbele ya kanisa, leo nimemkuta kwa Onofrio wa mikate. Juzi nilimwacha kwa Onofrio, akaenda zake famasi. Na anasimulia huku anacheka. Ulinikumbusha Shangazi Immacolata, aliyeanza kwa kuficha vijiko chini ya godoro akaishia kutomjua mwanawe wa kumzaa. Ukasema mwanamke wa miaka sabini na minane asiyejua gari lake liko wapi hafai kuendesha, wala hafai kukaa peke yake. Nimnyang'anye funguo, niiuze ile Cinquecento, kile kigari chake kidogo, kisha nimpeleke kwa masista wa Bitonto, kwenye nyumba ya wazee yenye bustani. Nami nikakubali upesi. Unanijua sikubali jambo upesi. Lakini kuuza gari, gari lolote lile, kwangu mimi ni ibada.

Mnunuzi nilishampata kabla sijafunga begi. Ni daktari wa meno wa hukohuko Milano, rafiki wa mhariri wangu. Alitaka kuitoa injini, ajaze maua makavu, aiweke kwenye chumba cha kusubiria ili wagonjwa watabasamu kabla hajawang'oa. Na hapa niache nipumue kidogo, kaka, kwa sababu hili ndilo ninalolipigia kelele miaka yote. Mwenye gari kubwa la kutisha namwelewa, anataka kutisha. Asiyevumilika ni yule anayekushika mkono na kukuambia kwamba Cinquecento si gari. Ni nini basi, mbuzi? Inakula mafuta, inatoa moshi, inajaza barabara ambayo zamani tulichezea kamba. Lakini kwa kuwa ni ya duara na ina macho ya mtoto aliyeshtuka, taifa zima linailegezea magoti. Reli za vijijini zimefungwa, hakuna aliyelia. Gari hilo lilipoacha kuundwa, wanaume wazima walifunga utepe mweusi mkononi. Nimeyaandika hayo, na kesho nitayaandika tena.

Sasa turudi kwa Mama. Alikuja kunipokea stesheni na Mdogo wake. Nilikuwa nimemkataza kwa simu. Akadai laini ilikuwa na mikwaruzo, hakusikia. Alivaa miwani ya jua ya Baba na mtandio, amekalia ule mto wa kijani ili aone mbele. Begi langu halikuingia nyuma, basi akakunja paa la turubai akanipakatisha, nusu ndani nusu nje, tukaupita mji mimi nikiwa kama mtu anayehamisha kabati. Njia nzima nilimchunguza. Nilitafuta kosa kwa hamu, nakiri, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Sikuliona. Alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, kwa sababu unakumbuka gia za gari lile hazina adabu, ukikanyaga mara moja zinasaga meno. Alipofika mtaani kwetu hapakuwa na nafasi. Akasimama safu ya pili, ubavuni mwa magari ya watu, akazima, akashuka, hakugusa ufunguo wa mlango. Nikamwuliza kama haogopi wezi. Akajibu kwamba mwizi wa mtaa huu mama yake anakaa ghorofa ya chini, na Mdogo ndiye anayempeleka mama huyo kliniki.

Siku zilizofuata sikuweza kununua hata kitunguu kwa amani. Kila aliyenitambua aliniulizia gari kabla ya kuniulizia afya. Cosimo, yule fundi magari wa pale kona, alinieleza sauti ya injini yake kama padri anayefundisha Utatu. Bi Rosaria wa ghorofa ya tatu, ambaye dirisha lake ndilo gazeti la mtaa, aliniambia alichumbiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kama hilo, akaniomba nisiulize zaidi. Niliwaambia wote kwamba hilo ni kopo la samaki lenye honi. Cosimo akafuta mikono, akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada Fulvia, wewe ungezaliwa Cinquecento ungependwa zaidi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ila aliyenitia hofu ni Onofrio. Nilikuwa nimesimama dukani kwake akinikatia mkate wa nyanya na zeituni, nikaona nimpeleleze taratibu. Nikamwuliza anamwonaje Mama siku hizi. Akasema, "Bi Serafina? Yule ni breki chini. Breki chini kabisa, kama marehemu mumewe." Nikauliza hali hiyo imeanza lini. Akasema tangu alipojifunza kuendesha, hajabadilika hata siku moja, na Mungu amtunze hivyohivyo. Akanifungia mkate, akaongeza kipande cha pembeni kilichoungua, kile tulichokuwa tukigombania utotoni. Nilitoka pale nikiwa na mkate mkononi na ushahidi moyoni. Mama yetu anaendesha bila breki, na mtaa mzima unajua, na kwa upumbavu wa mapenzi yao kwa lile kopo wanamwombea azidi.

Nikaamua kufanya uchunguzi, kwa sababu mimi siandiki jambo nisilolishuhudia. Jioni moja nilimsimamia Mama akiegesha mbele ya famasi. Niliona kwa macho yangu. Tukapanda, tukala, tukalala. Asubuhi alikunywa kahawa akajifuta mdomo, akaniambia, "Haya, twende tukaone Mdogo amefika wapi." Tukashuka. Mbele ya famasi palikuwa patupu. Lile gari lilikuwa limekaa mbele ya duka la fundi cherehani, karibu na mwisho wa mtaa, limetulia kama limezaliwa pale. Mama akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema leo samaki wamewahi.

Samaki wamewahi. Niambie, kaka, wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri kwa akili zangu zote nilizosomea, na hili ndilo nililopata: Mama anaamka alfajiri, anaendesha mtaani bila breki, anarudi kulala, kisha hakumbuki. Nikakimbilia simu ya baa asije akanisikia, nikakupigia, nikakuambia hivyo, nikaongeza maneno ya Onofrio na yale ya samaki. Ulinyamaza. Halafu nikasikia unalia. Ruggiero, wewe hukulia hata siku tulipomzika Baba. Ulishika mwavuli tu. Ulilia, ukaniambia niende Bitonto nikatie saini, nisingoje zaidi. Nikaweka simu nikiwa na hakika, na unajua mimi nikiwa na hakika nakuwa kama treni iliyokosa dereva.

Jumamosi asubuhi Mama alikwenda sokoni kwa miguu. Nikatoa funguo kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jikoni. Gari lilikuwa safu ya pili, mbele ya nyumba ya Cosimo, na milango haikufungwa. Nikachungulia ndani. Gia ilikuwa huru, haikuingizwa popote. Breki ya mkono ilikuwa imelala chini kabisa. Nikasema, huyu Mama ataua mtu. Nikaivuta ile breki kwa mikono miwili mpaka jino la mwisho, nikaingiza gia ya kwanza, nikafunga milango yote, nikatia funguo kwenye mkoba. Nilijiona raia mwema. Nikapanda basi la Bitonto.

Masista walinipokea vizuri, sina la kuwasema. Chumba kina dirisha linalotazama mizeituni, kitanda safi, msalaba ukutani, kengele ya kuita. Nilitia saini. Sista aliyeniongoza aliuliza Mama anapenda nini, ili wamzoee upesi. Nikafungua kinywa nijibu, nikagundua kwamba ninachokijua vizuri ni yale anayobishana nami. Nikasema anapenda kahawa.

Niliporudi honi nilizisikia toka kituo cha basi. Mtaa ulikuwa umefurika watu. Kumbe ilikuwa ndoa ya Ilaria, binti wa Cosimo, aliyetakiwa saa ileile kuwa mbele ya padri kanisani San Nicola, na nyuma yake kuna ndoa nyingine inayongoja zamu. Gari la baba yake lilikuwa limepambwa utepe mweupe, limebanwa ukutani, na lililolibana ni Mdogo. Bibi harusi alisimama mlangoni na shela lake, mashangazi wawili wakimpepea kwa sahani za karatasi, uso umemwiva. Gari la mikate la Onofrio lilikuwa nyuma, limekwama nalo. Wanaume walikuwa wanaitikisa ile Cinquecento kwa mikono na kwa mapaja, nayo inayumba kwenye springi zake lakini haisogei. Onofrio alibandika uso kwenye kioo, akainuka, na akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Nani kavuta breki ya mkono?"

Kisha Bi Rosaria, juu dirishani, akasema kile alichokuwa anakiwaza kila mmoja isipokuwa mimi: "Breki juu! Sasa tutamsukumaje?"

Tutamsukumaje. Hapo nikaelewa. Kaka, wanalisukuma. Wanalisukuma kila siku, wote, wanasukuma magari yote ya safu ya pili. Nafasi hakuna, mtaa hauna mwinuko hata kidogo, kwa hiyo mtu anaegesha anapopata, anaacha gia huru na breki chini na mlango wazi, na anayetaka kutoka anaingiza mkono dirishani, anashika usukani, anasogeza gari la mwenzake kwa kiuno hatua chache, anakwenda zake. Anayefuata anasogeza tena. Kuanzia alfajiri mpaka mchana gari linaweza kutembea kutoka kanisani mpaka kwa fundi cherehani bila hata mtu mmoja kuwasha injini. Wewe na mimi hatukulijua hilo kwa sababu tulipoondoka mtaa mzima ulikuwa na magari mawili, letu na la daktari. Mama hakutuambia kwa sababu mtu haambii watoto wake kwamba maji hulowesha. Na breki chini, Ruggiero, siyo kukosa breki. Hapa mtaani ni sifa ya mtu. Mtu wa breki chini ni yule ambaye unaweza kumsogeza bila kumwomba ruhusa, na hakuwekei kinyongo. Baba alikuwa hivyo. Breki juu ni tusi, ni mchoyo, ni yule anayefunga mlango jirani akiwa na mgonjwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya umati na funguo zangu mkobani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya waziri wala askofu. Nikaukumbatia mkoba nisionekane.

Hapo ndipo Mama alipotokea, na kikapu chake cha kunde mbichi. Wakampisha. Akainama akachungulia kiooni, akaona breki ilivyosimama. Akainua macho akanitafuta, akanipata. Akautazama mkoba wangu. Kisha akaweka kikapu chini, akageukia watu, akasema, "Ni mimi, wanangu. Uzee huo. Nimevuta nikasahau, na funguo sijui nimeziweka wapi. Nisamehe, Ilaria."

Hakuna aliyemkemea. Hilo ndilo baya. Sauti zote zilishuka, zikawa zile sauti za hospitali. Wanaume wanne wakashika kila mmoja pembe yake, wakainyanyua Cinquecento kama meza ya chakula, wakaipandisha kando kwenye njia ya miguu. Bibi harusi akapanda. Cosimo, kabla hajaingia garini, akamshika Mama bega akamwambia taratibu, "Usijali, Bi Serafina. Umri ni umri." Nikamwona Mama anaimeza ile huruma kama dawa chungu. Anatabasamu. Anasema ndiyo, umri ni umri.

Tulipanda ngazi. Jikoni akaanza kumenya kunde. Nikatoa funguo nikazitundika kwenye msumari wake, hakugeuka. Nikamwuliza kwa nini amesema uongo. Akaniambia hivi, nakunukulia kadiri ninavyokumbuka: mimi wananisamehe kwa uzee, wewe wangekusamehe kwa nini? Akasema jina la breki juu likishaingia kwenye nyumba halitoki, lingekaa mpaka kwa wajukuu zake wa Charleroi wasiojua hata kutamka Bari. Nikamwambia lakini sasa wote wanaamini kichwa chake kimeharibika. Akasema, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba si ndicho mimi na wewe tulichokuwa tunakitafuta? Basi, tumepewa, na mashahidi mtaa mzima.

Nikakaa. Nikachukua kunde, nikaanza kumenya nami.

Baadaye nikamwuliza, kama alijua gari linasukumwa, kwa nini akupigie simu kila Jumapili kukusimulia mahali lilipo. Akashangaa kikweli. Akasema alikuwa anakupa habari za nyumbani. Akaanza kunifafanulia huku kunde zikidondoka bakulini: Mdogo akiwa kwa fundi cherehani, maana yake gari la samaki limetoka mapema, bahari ilikuwa shwari. Akikutwa kwa Onofrio, maana yake yule nesi wa ghorofa ya nne ameitwa kazini alfajiri. Asiposogea kabisa, kuna mgomo, au kuna mechi, au kuna aliyekufa. Anasoma mtaa kwa kuangalia gari lake limefika wapi, kama wewe unavyosoma gazeti asubuhi. Alikuwa anakusomea gazeti la kwenu, kaka, na wewe unasikia mgonjwa. Akasema alidhani unacheka naye.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa kuandika, maana mengine yote ungeweza kuyasikia kwa Bi Rosaria.

Jumapili baada ya misa nilisimama kwenye ngazi za kanisa kabla watu hawajatawanyika. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye hoja na mifano. Sikuitoa. Nilisema breki niliivuta mimi, na mlango nilifunga mimi, na funguo zilikuwa mkobani mwangu wakati wote, na Mama anakumbuka kila kitu, hata ambacho tungependa akisahau. Nikasema nilikuwa Bitonto namtafutia chumba. Mama alikuwa amesimama kando yangu, akanivuta mkono ninyamaze, sikunyamaza. Kwenye mikutano nimezoea kuzomewa, hapa walinitazama tu.

Wa kwanza kusema alikuwa Cosimo. Alimwendea Mama, si mimi, akamwomba radhi kwa lile neno la umri. Kisha akanigeukia, akaniambia kama ningekuwa mwanamume angenitia ndani ya buti, ila bahati yangu buti la Cinquecento haliingizi hata kichwa changu, kilivyojaa. Onofrio akasema haya ndiyo mambo ya Milano. Bi Rosaria akauliza kama kule Milano watu huwafungia hata mama zao kwa ufunguo. Tangu siku hiyo sina jina lingine. Nikipita mtaani husikia nyuma yangu, "Breki ya Mkono, hujambo?" nami naitikia, nifanyeje. Jana Onofrio alinikatia mkate. Kipande cha pembeni kilichoungua hakukiweka.

Bitonto nimewapigia, nimeifuta saini yangu. Daktari wa meno nimemwambia maua yake akayatie kwenye beseni. Haya nimeyafanya bila kukuuliza, na kama unataka kunifokea, anza hapa.

Lakini sitakuficha kitu kingine, kwa sababu barua isiyosema yote ni nusu uongo. Mama anazeeka kweli. Juzi aliniita Immacolata, akajirekebisha, akanitazama kama ameona ngazi moja imekosekana. Ngazi za nyumba zinamchosha. Sufuria ya maziwa iliungua. Siyo yale uliyoyaogopa, lakini siyo bure pia, na ipo siku itakuja. Kwa hiyo nimemwandikia mhariri kwamba makala zangu zitatoka Bari kwa posta mpaka nitakaposema vinginevyo. Nimekaa hapa nilipolala utotoni, kitanda kimekuwa kifupi, na asubuhi namkuta Mama ameshavaa mtandio, ananingoja tushuke tukaone Mdogo amefika wapi. Ananifundisha kuendesha. Usicheke. Gia bado zinasaga meno, naye hunipiga kofi la goti kila zinaposaga, na wanaume wa mtaa wamekuwa wakileta viti nje kutazama.

Wala usidhani nimebadili msimamo. Magari ni balaa, na nitakwenda kaburini nikisema hivyo. Wanaolilia kopo lile kwa uduara wake na macho yake bado wananiudhi kupita kiasi, kwa sababu wanapenda kisichostahili. Kama kuna la kupendwa pale, ni kwamba liliundwa dogo na jepesi kiasi cha jirani kulihamisha kwa kiuno huku ana mkate kwapani. Haya makubwa mapya yanayojifunga yenyewe na kupiga kelele ukiyagusa, yamezaliwa breki juu. Makala hiyo nimeshaianza, na itaniletea maadui wapya, jambo linalonipa nafuu kidogo.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumapili Mama akikupigia akakuambia Mdogo amehamia famasi, usinyamaze kile kimya chako. Mwulize nani kamsukuma. Utamfurahisha, na utapata habari. Halafu mwezi wa nane njoo na wifi na watoto, goti la Godelieve litapona kwa jua letu. Tutawaweka wote ndani ya Mdogo kama zamani, mmoja kichwa nje ya paa, twende baharini na tikiti maji.

Nisalimie wifi, nibusie watoto, wasalimie na wale rafiki zako wa Puglia, watu wa kwetu, mnaocheza nao karata. Mama anasema uvae fulana ya ndani hata kama ni Mei. Na siku utakapofika mtaani usitukute pale ulipotuacha, usishtuke ukadhani tumepotea. Tembea hatua chache mbele. Tutakuwa tumesukumwa kidogo tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Fulvia
(Breki ya Mkono)